Wili spana, msalaba, bunduki ama toki renchi: nati za tuktuk ukaze na gani?

Nianze na jibu ndio wenye haraka warudi steji. Kama uko na tuktuk moja ya abiria na hesabu ya mwenye inakungoja jioni, nunua spana ya msalaba ya chuma kizito na kichupa cha rangi ya kuweka alama kwa nati, basi, achana na nati za kung'aa. Kama unabeba mzigo, ama uko na tuktuk mbili tatu zinazoendeshwa na watu tofauti, hapo toki renchi, ile spana inayopima umekaza kiasi gani, si anasa tena, ni lazima, hata kama mtachanga steji nzima. Bunduki ya kompresa iache kwa fundi wa pancha na hata kwake iwe ya kufungua tu. Sasa twende kwa sababu, na kuna mahali ntajivuta kidogo juu hii maneno ya nati watu huichukulia poa sana.

Kwanza jua kwa nini ya miguu mitatu si kama gari. Gari ya magurudumu manne ikilegea nati kwa gurudumu moja utaisikia inatetemeka kwa usukani, na hata gurudumu likichomoka bado kuna mengine matatu ya kushikilia. Tuktuk ikipoteza gurudumu la nyuma haina kona ingine ya kuegemea, inalala upande huo huo, na abiria wa upande huo ndiye anafika chini wa kwanza. Halafu kuna hesabu ya mizunguko, hii wengi hawajaifikiria. Tairi ya 4.00-8, ile iko kwa Bajaj RE na TVS King, ina kimo cha kama sentimita 41 hivi, so kila kilomita moja inazunguka karibu mara 770. Saloon yenye tairi ya kimo cha sentimita 60 inazunguka kama mara 530 kwa kilomita hiyo hiyo. Maanake kwa ile safari moja ya Kayole mpaka Utawala, stadi za tuktuk, zile bolti ambazo nati zinaingia, zimepigwa na mzigo mara nyingi zaidi kuliko za gari iliyokufuata nyuma, na hapo hatujahesabu matuta na zile barabara za ndani ambazo mvua ikinyesha unaomba tu.

Kitu kingine cha kushika kabla tulinganishe: gurudumu halishikwi na nati kukaa pale kama kigingi. Ukikaza, stadi inavutika kidogo sana, macho hayawezi kuona, kama mpira wa manati, na huo mvuto ndio unabana rimu kwa habu, kile kitovu cha gurudumu. Msuguano wa rimu na habu ndio unabeba kazi yote. Mbano ukipungua, rimu inaanza kucheza, mbele nyuma, mbele nyuma, stadi inapindwa kila mzunguko mpaka inachoka na kukatika, na ile iliyo jirani sasa inabeba ya watu wawili. Ndio maana ukiona moja imekatika si ati unabadilisha hiyo moja tu na kuenda, zile za karibu nazo zimeshateswa na zinafaa zitoke. So chochote unachotaka kununua, kiwe spana ama nati ama gundi, kiulize swali moja tu: kitanipa mbano wa kutosha, unaofanana kwa kila nati, na utakaa?

Sasa angalia yako ni gani, juu huku Nairobi kila kitu yenye magurudumu matatu tunaiita tuktuk na kumbe hazifanani. Zile za abiria za tairi ndogo nyingi ziko na rimu ya vipande viwili vilivyofungwa pamoja na nati zake, halafu kuna nati zingine zinazofunga gurudumu lote kwa dramu. Za mzigo za dizeli kama Piaggio Ape huwa na tairi kubwa kidogo, 4.50-10. Na zile mbele pikipiki nyuma boksi, za kubeba mitungi ya gesi na maji, nyuma ziko na eksoli kama ya gari na tairi mara nyingi ya 5.00-12, nati zake ni zile za mdomo uliochongoka, na mbele ni eksoli ya pikipiki inayopita katikati ya gurudumu, sio stadi. Marekani wazee wanaendesha Harley-Davidson Tri Glide ya magurudumu matatu, imeuzwa tangu modeli ya 2009, nayo nyuma imefungwa na nati kama gari. Fizikia ni ile ile, tofauti ni lami.

Hapo kwa rimu ya vipande viwili nisimame kidogo, hii inaua. Usiwahi kufungua nati zinazoshikanisha vipande vya rimu wakati tairi iko na upepo. Ile presha ndani inasukuma vipande viachane, ukitoa nati ya mwisho ama stadi ikishindwa, kipande kinaruka kwa uso. Kama hujui ni zipi zinafunga rimu na ni zipi zinafunga gurudumu kwa dramu, toa moyo wa valvu kwanza, upepo uishe wote, halafu ndio ushike spana. Ni dakika mbili. Ile ya "ntalegeza kidogo tu nione" usijaribu.

Haya, vifaa.

Wili spana ya L, ile fupi inakujanga na gari ama unauziwa kando ya barabara. Uzuri wake ni bei na inaingia chini ya kiti. Ubaya wake, haikuambii kitu. Chukua yenye mkono wa sentimita 25. Ukiisukuma kwa nguvu ya kilo 20 mwishoni, umekaza nyutoni-mita 49 (hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza). Stadi ya M10 (unene wa milimita 10) ya daraja 8.8 (namba ya uimara wa chuma), kama kitabu cha gari yako hakijasema vingine, huwa inataka hapo hapo kwa 45 mpaka 50, so kwa M10 mkono wa mtu mzima aliye sawa unatosha kabisa. Kwa M12 ya 8.8, inataka kama 85, sasa inabidi usukume karibu kilo 35, na wengi mkono hauwezi, so anapanda juu na mguu. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa hiyo spana ameweka 170 na kitu. Akiongeza paipu ifike nusu mita, ni zaidi ya 340. Hiyo kwa M12 ni nyingi na kwa M10 ni kuchinja stadi, inavutika mpaka haiwezi rudi, mbano unapotea, na yeye anaenda nyumbani akijua amekaza mpaka mwisho. Hii ndio sababu siwezi pendekeza L na paipu kwa mtu yeyote, na hasa si kwa dereva wa skwodi, yule wa kushikilia siku, ambaye hajui huyo wa jana alikaza aje. Kitu kingine, L inavuta upande mmoja, so soketi inapenda kuinama na kula kona za nati, na nati ikishakuwa duara ni patasi na nyundo.

Spana ya msalaba inafanya kazi ile ile lakini unashika na mikono miwili, mmoja unavuta mwingine unasukuma, nguvu inakaa katikati ya nati na haiinami. Ya mikono ya sentimita 19 kila upande, ukitia kama kilo 13 kwa kila mkono unafika hapo kwa 48, bila kusimama juu ya kitu. Na mikono miwili inasikia vizuri, utahisi nati imekaa ama ni uchafu umekwama. Shida moja kubwa, na hii ni ya kuangalia kabla ulipe: misalaba mingi imetengenezewa gari, vichwa vyake ni vya milimita 17, 19, 21 na 23, na nati za tuktuk nyingi za tairi ndogo ni chini ya 17. Usinunue halafu ndio upime. Beba nati yako mfukoni uende nayo, iingie kwa kichwa bila kucheza. Angalia pia pale katikati mikono inapokutana, kama imechomelewa vibaya utaona ufa ama rangi imefunika mashimo ya kuchomea, achana nayo. Kati ya L na msalaba kwangu hakuna mjadala, msalaba unashinda isipokuwa kwa nafasi ya kuweka.

Bunduki ya upepo. Najua fundi wa pancha anaipenda, na kusema ukweli kwa kufungua nati iliyoshika kutu hakuna kama hiyo. Lakini nyingi za nusu inchi (ndio upana wa ncha ya mraba inayoshika soketi) zinapita nyutoni-mita 300 bila jasho, na fundi hana njia ya kujua amesimama wapi, inategemea presha ya kompresa wakati huo, urefu wa paipu, na ameshika kitufe kwa muda gani. Nati ya kwanza kompresa imejaa inapata kubwa, ya mwisho tanki imeshuka inapata kidogo, kwa gurudumu lile lile. Halafu kama nati imeanza vibaya kwa uzi, mkono ungeambia, bunduki inapita nayo tu na kuchana uzi wote. Kwa hivyo ukienda pancha mwambie kwa heshima, "Boss, ukirudisha anza na vidole, na mwisho nikaze mimi." Wengi hawajali, ni kazi umewapunguzia. Akikataa, kuna wa pancha mwingine mita mia mbele, hii Nairobi hawaishi.

Toki renchi ndio kitu pekee hapa inayopima. Kuna aina mbili utakutana nazo. Ya kutoa mlio wa "tik" unaiweka namba, unavuta polepole, ikilia unaachia. Na ya mshale, yenye fimbo ndefu na kibao cha namba, inapinda ukivuta na unasoma. Ya mshale watu wanaidharau juu inakaa ya zamani, lakini ni rahisi, ni ya bei ya chini, na haina springi ya ndani ya kuchoka, so kwa mtu anayetaka kuanza ningemwambia aangalie hiyo kwanza, ubaya wake tu ni lazima uitazame moja kwa moja kutoka juu na kwa gurudumu lililo chini uko magotini.

Ya tik ina mitego. Mtego wa kwanza ni ukubwa. Duka litakuuzia ya nusu inchi ya nyutoni-mita 28 mpaka 210, ile ya gari, na nati yako inataka 30 ama 45. Hizi spana zinadanganya sana huko chini kabisa kwa kipimo, unataka namba yako iwe juu ya ile asilimia 20 ya kwanza ya kipimo chake chote. Kwa tuktuk ya abiria draivi (ile ncha ya mraba) ya inchi 3/8, yenye kipimo cha kama 20 mpaka 110, inafaa zaidi. Kwa ya mzigo ya tairi za 12 yenye M12, ya nusu inchi iko sawa. Mtego wa pili ni vipimo vyenyewe. Nyingi ziko na pande mbili za namba, nyutoni-mita upande mmoja na paundi-futi upande ule mwingine. Paundi-futi moja ni nyutoni-mita 1.36 hivi, so ukiweka 50 upande usiofaa umekaza 68. Na vitabu vingine vya hizi gari vinaandika kwa kilo-mita, ambapo 5 ni sawa na nyutoni-mita 49. Soma vizuri, uliza, andika namba yako kwa kibandiko ndani ya gari na uache. Mtego wa tatu ni watu kuitumia kufungua nati. Hapana. Kufungua ni kazi ya msalaba.

Na mtego wa nne, ambao hata mafundi wazuri wanaangukia: mafuta. Nguvu nyingi unayotia kwa spana, kama tisa kwa kumi, inaliwa na msuguano kwa uzi na chini ya nati, inayobaki kidogo ndio inavuta stadi. Ukipaka grisi uzi, msuguano unashuka, spana italia kwa namba ile ile lakini stadi imevutwa zaidi sana. Kwa hivyo uzi usafishwe kwa brashi ya waya, ukauke, na usipake kitu isipokuwa kitabu cha gari kimesema. Kinachofaa kusafishwa zaidi ni uso wa dramu na uso wa rimu pale vinapokutana. Kutu, tope kavu, na hasa rangi mpya. Hii ya rangi inashika wengi, mtu anapeleka rimu zikapigwe rangi mpya zing'ae, zinarudishwa na rangi nene chini ya nati, inabanwa, inapondeka siku mbili tatu, na mbano unashuka bila nati kuzunguka hata kidogo.

Sasa nati zenyewe, hapa nitapita haraka kwa zingine.

Nati ya kawaida na springi washa, ile pete iliyokatwa inayokaa chini ya nati, ndio utapata kwa nyingi. Springi washa watu wanaiamini kama dawa, lakini mjerumani anaitwa Gerhard Junker alionyesha 1969 kwamba kinacholegeza nati haswa ni mtikiso wa upande kwa upande, na kwa mtikiso huo springi washa haisaidii vile tunafikiria. Kama gari ilikuja nazo ziache, zikilala flati badilisha, lakini usiongeze mbili mbili ukidhani umeongeza usalama, umeongeza tu vitu vya kupondeka.

Nati ya nailoni, ile ya pete ya plastiki ndani, inashika uzi kweli. Lakini pete inachoka kila ukiifungua, na kwa gari ambayo inaenda pancha mara kwa mara itakuwa nati ya kawaida bei ghali. Jaribu hivi: kama inaingia mpaka mwisho kwa vidole tu, pete imekufa. Pia nailoni haipendi joto la zaidi ya nyuzi 120 hivi, na dramu ya tuktuk iliyojaa ikishuka na breki muda mrefu inapata moto. Kwa rimu ya vipande viwili, pale ambapo hufungui mara nyingi, naielewa. Kwa nati za gurudumu, hapana.

Nati ya mdomo uliochongoka ni nzuri kuliko zote kwa sababu inajiweka katikati ya tundu, lakini rimu lazima iwe na tundu la kuendana nayo. Mdomo unaangalia rimu. Nimeona zimegeuzwa mara nyingi sana huku mtaani, upande wa flati kwa tundu lililochongoka, inagusa ukingo mwembamba tu na inalegea. Kinyume chake pia ni kibaya, mdomo uliochongoka kwa rimu ya flati unakula tundu mpaka linakuwa yai.

Nati za kofia, zile za kromu, ni za urembo. Ziko na mwisho uliozibwa, na kama stadi ni ndefu inafika mwisho wa kofia kabla rimu ibanwe. Spana inakuambia imekaza, na ni stadi imegonga kofia. Kama lazima uwe nazo, hesabu mizunguko kabla ya kukaza: nati inafaa izunguke kwa stadi angalau urefu sawa na unene wa stadi yenyewe, kwa M12 yenye uzi wa 1.5 (milimita inazosogea kila mzunguko) ni mizunguko 8, na kwa M10 ya 1.25 pia ni 8. Chini ya hapo hata nati ya dhahabu haikusaidii. Hii hesabu itumie pia kama mtu amekuwekea spesa ili gari ikae pana.

Gundi ya uzi ile ya bluu, wengine wananiuliza. Kwa skrubu za bodi na mabano ni nzuri sana. Kwa nati za gurudumu siipendi, inataka uzi usio na mafuta hata tone, inataka muda mpaka kesho yake kushika sawasawa, na ikiwa mbichi inateleza kama mafuta so namba ya toki inaharibika. Nyekundu usiiguse, utahitaji moto kufungua, kando ya tairi.

Ukienda kununua stadi ama nati Grogon, kule kwa spea za gari, usitaje tu "ya tuktuk". Toa ya zamani, uende nayo. M10 iko na uzi wa 1.25 na wa 1.5, M12 iko na ya 1.25, 1.5 na 1.75, na zote kwa macho zinafanana. Nati isipoingia mizunguko kadhaa kwa vidole si yake, usiilazimishe. Na angalia kichwa cha bolti kiwe na namba 8.8 ama 10.9, kisicho na namba kabisa kirudishe kwa sanduku.

Kuna nati moja hakuna mtu anaizungumzia: ile kubwa ya habu katikati, iliyokatwa kama taji na pini inapita. Hapa chaguo huwa ni pini mpya ama msumari uliopindwa, na wengi wanachagua msumari. Pini ni ya kutumia mara moja, ni bei ya peremende karibu, na kazi yake ni kuzuia nati isirudi, haikazi chochote. Kwa nati ya eksoli ya nyuma inayokazwa kwa nguvu, tundu lisipolingana na mkato kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usilegeze kutafuta tundu. Kwa beringi za koni (zilizochongoka) za mbele ni tofauti, hizo zikikazwa sana zinaungua, so fuata kitabu ama mpe fundi anayejua beringi, si wa pancha.

Kuhusu alama: rangi dhidi ya vile vimishale vya plastiki vya njano unaona kwa malori ya Mombasa Road. Vyote viwili vinaonyesha kitu kimoja, kwamba nati imezunguka. Mishale inasomeka kwa mbali na dereva anaangalia akizunguka gari, lakini kupata saizi ya tuktuk ni kazi na inapotea. Rangi unavuta mstari mmoja kutoka kwa stadi kupitia nati mpaka kwa rimu ukishamaliza kukaza, mstari ukivunjika umejua. Kwa tuktuk chagua rangi. Ila kumbuka hakuna kati yazo itakuambia mbano umeshuka bila nati kuzunguka, ama stadi imekatika kwa ndani. Kwa hiyo angalia pia michirizi ya kutu inayotoka kwa nati kama miale, chuma kinachong'aa kuzunguka tundu, na usikie ule mlio wa ta-ta-ta ukienda polepole na redio imezimwa. Ukiusikia, usimalize safari, shukisha abiria.

Sasa nani achukue nini. Dereva wa tuktuk ya abiria isiyo yake: msalaba wa saizi yako, brashi ya waya, rangi. Kaza kwa kuruka, si kwa kuzunguka mfululizo, nati zikiwa nne unaruka kwa ile ya mkabala, zikiwa tano unachora nyota, zikiwa tatu unazunguka mara mbili tatu ukiongeza kidogo kidogo, gurudumu likiwa hewani mpaka likae, halafu ukaze mwisho likigusa chini. Na kila gurudumu likishafunguliwa, nati zirudiwe baada ya kilomita 50 mpaka 100. Kwa gari ya kibinafsi hiyo ni wiki, kwa tuktuk ni jioni ya siku hiyo hiyo, kabla upeleke hesabu. Chuma kipoe kwanza.

Mwenye gari anayepokea hesabu tu na haoni tuktuk mpaka Jumapili: wewe ndio unahitaji toki renchi kuliko dereva, juu ndio utaambiwa stadi "zimekatika tu zenyewe". Kaza wewe, weka rangi wewe, na ukute mstari umevunjika Jumapili muulize kwa upole nani alifungua.

Wa mzigo, hasa wa boksi nyuma wanaotoka Marikiti na Gikomba na nusu tani juu: toki renchi ya nusu inchi na msalaba, vyote viwili, na stadi za akiba za daraja sawa kwa droo. Hapa sijali bei. Mzigo ukizidi ndio stadi inapindwa zaidi, na kusema toki itakuokoa huku umepakia mara mbili ya kile gari imeandikwa ni kujidanganya.

Na mkichanga steji, nunueni ya 3/8 kama wengi wenu ni abiria, ikae kwa mtu mmoja mwenye duka karibu, kwa kasha lake. Ya tik irudishwe kwa namba ya chini kabisa iliyoandikwa ikimaliza kazi, isilegezwe kupita hapo, isiangushwe, isitumiwe kama nyundo (mnajijua). Ipelekwe kupimwa kila miezi 12 ama ikifika milio 5,000, chochote kitangulie, na kwa steji yenye tuktuk nyingi milio inaweza tangulia.